Farasi Anayechechemea

Nilizaliwa Chicago, nyuma ya machinjio,
mwana wa Kazimir Wojtas, mkata nyama.
Ng'ombe niliwajua wakining'inia, miguu juu.
Farasi niliwajua wakivuta gari la barafu
na kunya barabarani.
Sijapanda hata mmoja.

Lakini kila Alhamisi, saa moja na nusu jioni,
taa nyekundu ikiwaka mlangoni pa studio,
mimi ndiye farasi.
Vifuu viwili vya nazi, sanduku la changarawe:
kakata, kakata, kakata,
na watu jikoni, na watu kwa kinyozi,
wanaona vumbi.

Sherifu Dunmore alikuwa Merle Haskins,
mfupi, mwenye pumu,
aliyemwogopa hata paka wa ngazini.
Sauti yake tu ndiyo iliyokuwa na mabega.

Mvua yangu, dengu juu ya sinia.
Risasi, rula juu ya mto wa ngozi.
Moto wa kambini, karatasi ya peremende
nikiifinya taratibu karibu na maikrofoni.
Kifo kilikuwa rahisi kuliko vyote:
gunia la mchanga. Lidondoshe, nyamaza.

Ndipo ikaja barua kutoka Nebraska,
kwa penseli, mwandiko wa mtoto
anayeandika maneno ya mtu mwingine:

"Bwana Mwenye Farasi,
mimi ni Anders Thorsgaard. Miaka arobaini na mmoja
nimewapigia farasi viatu.
Macho yamekwisha, masikio bado.
Kivumbi wako anachechemea,
mguu wa mbele wa kushoto, wiki ya tatu sasa.
Sherifu hasikii?
Anayemkimbiza mnyama katika hali hiyo
hafai kuvaa nyota.
Mwangalie. Huenda ni jiwe."

Tulicheka. Mtayarishaji aliisoma kwa sauti ya kizee,
akaibandika ukutani kando ya ratiba.
Nilicheka nao mpaka walipotoka kunywa kahawa.
Kisha nikavigeuza vifuu chini ya taa.
Cha kushoto kilikuwa na ufa
mwembamba kama unywele,
kutoka ukingoni hadi jichoni.

Duka la Mgiriki liliuza nazi kwa senti kumi.
Ningebadilisha, yakaisha.
Lakini kuna mtu amekaa gizani Nebraska, anasikiliza,
na farasi anayepona bila kutibiwa ni uongo
hata kwangu mimi, nilaye kwa uongo.

Alhamisi. Majambazi wako korongoni,
ukurasa wa kumi na nne, Dunmore anawakaribia.
Nikapunguza.
Kakata... ka. Kakata... ka.
Haskins akanitazama juu ya karatasi zake.
Nikamsimamisha farasi.

Kimya redioni ni shimo.
Nyuma ya kioo mtayarishaji anajikata koo kwa kidole.
Nikainua kifuu, nikamwonyesha Haskins ufa.

Naye, mwoga wa paka,
akavuta ile pumzi yake fupi, akasema
maneno ambayo hakuna aliyeyaandika:
"Polepole, mzee wangu. Nipe mguu. La, huu mwingine.
Ehe. Tazama ulichokibeba.
Tangu lini, nawe hukusema?"

Nikadondosha kokoto katika kikombe cha bati.

Majambazi walitoroka wiki ile.
Nilikatwa mshahara wa siku mbili.
Haskins alininunulia bia,
akazungumzia besiboli usiku kucha.

Jumatano kikafika kifurushi kizito:
kiatu cha farasi, kimechakaa upande mmoja,
misumari minane ndani ya gazeti,
na penseli ileile:
"Wiki mbili, mwendo wa hatua tu."

Mchezo uliofuata ulianza kwa mbio.
Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza: majambazi wamevuka mto,
Dunmore anawafukuza kwa kasi ya radi.
Taa ikawaka.
Nilikuwa na kifuu kipya, bado kinanuka tui.
Mtayarishaji akanyoosha kidole.

Ka. Ta.
Ka. Ta.